Frederick Law Olmsted na Mkufu wa Zumaridi

Wahenga walitufunza kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Frederick Law Olmsted, Mmarekani anayehesabiwa kuwa mwasisi wa taaluma ya usanifu wa mandhari nchini mwake, aliifikia hekima hii kwa njia ndefu yenye kona nyingi. Alipata sifa kwa kubuni bustani moja kubwa, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia kuonyesha kwamba bustani moja haitoshi. Makala haya yanayamulika maisha yake kwa kuzingatia fikra hiyo: haja ya kuziunganisha nafasi za kijani mijini ili binadamu na viumbe wengine wapate pa kupita na pa kupumulia.

Olmsted alizaliwa tarehe 26 Aprili 1822 mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Mamake aliaga dunia kabla mwana hajatimiza miaka minne. Babake, aliyekuwa mfanyabiashara, alipenda kuichukua aila yake kwa safari ndefu mashambani, na safari hizo zikawa darasa la kwanza la mtoto huyo. Alipokaribia kuingia Chuo Kikuu cha Yale, macho yake yalidhuriwa na mmea wenye sumu na ndoto ya masomo ya juu ikafifia. Akawa karani, kisha baharia aliyefika Uchina mwaka wa 1843, kisha mkulima katika kisiwa cha Staten. Aliyemtazama kwa mbali angedhani kuwa ni kijana asiyejua alitakalo.

Mwaka wa 1850 alizuru Uingereza, na huko Birkenhead, karibu na Liverpool, akaiona bustani iliyojengwa kwa fedha za umma na kufunguliwa kwa kila mtu, awe tajiri au maskini. Kuanzia mwaka wa 1852 alizunguka majimbo ya kusini mwa Marekani akiwa mwandishi wa gazeti, akaeleza jinsi utumwa ulivyoudidimiza uchumi na utu kwa pamoja. Safari hizo mbili zilimthibitishia kuwa jamii ambayo watu wake hawana mahali pa kukutana kama walio sawa haiwezi kudumu kuwa moja.

Mwaka wa 1857 aliteuliwa kusimamia kazi za bustani mpya ya jiji la New York. Mwaka uliofuata, mchoro alioutayarisha pamoja na msanifu majengo Calvert Vaux uliishinda michoro mingine yote iliyoshindanishwa. Ndivyo ilivyozaliwa Central Park, ambayo leo ina ukubwa wa hekta 341. Hata hivyo, sifa hii ina doa. Katika ardhi hiyo palikuwa na kijiji cha Seneca, makao ya watu 225 hivi, wengi wao Wamarekani Weusi, na baadhi yao walimiliki viwanja vyao kisheria. Serikali ya jiji iliwaondoa kabla ya mchoro wa Olmsted kuteuliwa. Hakuwa yeye aliyeamua, lakini bustani iliyokusudiwa kuwa ya wote ilianza kwa kuwafurusha baadhi ya hao wote. Tukimsifu bila kulitaja hili, tutakuwa tumesimulia nusu ya kisa.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Olmsted alianza kuitilia shaka fikra ya bustani iliyosimama peke yake. Mkaazi wa upande wa pili wa mji angeifikiaje? Alipoalikwa mjini Buffalo mwaka wa 1868 kuchagua uwanja mmoja, yeye na Vaux walipendekeza vitatu, vilivyounganishwa kwa barabara pana zenye safu za miti. Mtu aliyetoka kwake aliingia katika kivuli mapema, akaendelea kuwa kivulini hadi alikokwenda.

Fikra hiyo ilikomaa mjini Boston. Kuanzia mwaka wa 1878 alikabidhiwa kinamasi cha Back Bay, ambako maji taka na maji ya bahari yaliyojaa na kupwa yalichanganyika na kutoa uvundo. Wengine wangekifukia. Olmsted alikirejeshea umbo la kinamasi cha pwani, akayaelekeza upya maji ya vijito na kupanda nyasi zinazostahimili chumvi. Kinga dhidi ya mafuriko, usafi wa mji na burudani vikawa kazi moja. Kutoka hapo aliufuata mto Muddy hadi ziwa la Jamaica, akapita bustani ya miti ya Arnold na kuishia Franklin Park. Mfululizo huo, pamoja na bustani kongwe za katikati ya mji, ndio uitwao Mkufu wa Zumaridi, wenye hekta 445 hivi. Shabaha yake kuu ilikuwa afya na utulivu wa watu, wala si hifadhi ya wanyamapori. Ila njia iliyomfaa mtembezi kwa miguu iliwafaa ndege na samaki vilevile.

Mwanafunzi wake, Charles Eliot, aliipanua fikra hiyo kutoka mji hadi eneo zima linaloizunguka Boston. Mwaka wa 1893 iliundwa tume ya kudumu ya bustani iliyoziunganisha serikali nyingi za mitaa, ikatenga misitu, kingo za mito na fukwe. Eliot alifariki mwaka wa 1897 akiwa na umri wa miaka 37. Olmsted mwenyewe alikuwa amestaafu mwaka wa 1895, kumbukumbu zikimponyoka. Alifariki tarehe 28 Agosti 1903 katika hospitali ya McLean, ambayo aliwahi kutoa ushauri kuhusu viwanja vyake.

Mkufu hukatikia penye pete dhaifu. Bwawa lililojengwa mwaka wa 1910 katika mto Charles liliyazuia maji ya bahari, na kinamasi cha chumvi kikafa. Huko Buffalo, barabara ya miti ya Humboldt iling'olewa katika miaka ya 1960 kupisha barabara kuu ya magari, na mtaa wa Wamarekani Weusi ukagawanywa vipande viwili. Sehemu ya mto Muddy ilifukiwa ndani ya mabomba ili pawe na maegesho ya magari. Mwaka wa 1996 mafuriko yakafika hadi kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Ilibidi mto huo ufukuliwe tena, na mwaka wa 2016 maji yakaonekana juani.

Katika visa hivyo vyote, bustani kubwa hazikuguswa sana. Kilichotolewa kafara ni viungo: kijito chembamba, ukingo wa mto, safu ya miti ya njiani, vitu ambavyo ni rahisi kuonekana kuwa havina kazi. Olmsted alitumia takriban miaka 30 kutetea umuhimu wa viungo hivyo. Waliovikata walivigharamia tena kwa bei kubwa zaidi, na vingine hadi leo havijarudi.