Aliomba nyongeza ya mshahara akanyimwa: Huyu ndiye Henry Maudslay, baba wa mafundi wa mashine

Pita Mwanjelwa jijini Mbeya, au nenda Mafinga mkoani Iringa kwenye mashine za kupasua mbao. Hutakosa fundi aliyeshika gia iliyovunjika meno huku mwenye mashine akimpigia simu kila baada ya dakika kumi. Spea hakuna.

Fundi mwenye mashine ndogo ya milingi nyumbani anaweza kuichonga gia hiyo mwenyewe, ila kuna mtihani: mota mbili. Moja inazungusha kisu cha kuchonga meno, nyingine inazungusha chuma kinachochongwa. Kwa gia ya meno 40 na kisu cha hobi chenye uzi mmoja, kisu lazima kizunguke mara 40 wakati chuma kinazunguka mara 1 tu. Siyo 39 na nusu. Mota moja ikichelewa kidogo, meno yanaliwa na kazi ya siku nzima inakuwa skrepa.

Mtihani huo wa vitu viwili kutembea kwa hesabu moja, kuna jamaa wa London aliushughulikia zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Henry Maudslay alizaliwa Agosti 22, 1771, Woolwich, Uingereza. Hakuwa mtoto wa tajiri. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa kibarua kwenye ghala la silaha la serikali, akijaza baruti kwenye risasi. Baadaye wakampeleka useremala, lakini macho yake yalikuwa kwa wahunzi, na akiwa na miaka 15 hivi akahamishiwa huko. Sifa zake zikasambaa haraka.

Alipofika miaka 18 akachukuliwa na Joseph Bramah, mtengenezaji mkubwa wa vitasa mjini London. Bramah alikuwa na kufuli aliloliweka dirishani mwa duka lake na kuahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Maudslay ndiye aliyetengeneza mashine za kuunda vipande vya kufuli za aina hiyo. Ile ya dirishani ilikaa mpaka 1851 ndipo Mmarekani mmoja akaifungua, tena baada ya kuhangaika nayo kwa zaidi ya saa 50.

Kijana akawa msimamizi wa karakana, akaoa, watoto wakaja. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 za Kiingereza kwa wiki. Mwaka 1797 akaomba nyongeza. Bramah akakataa. Basi, Maudslay akafungasha vifaa vyake akafungua karakana yake mwenyewe. Wenye mafundi wazuri mnaowabania mnasikia?

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoonekana. Zamani zile uzi wa bolti ulichongwa kwa mkono, fundi akikadiria kwa jicho. Kila bolti ilikuwa na nati yake. Ukizichanganya, imekula kwako. Maudslay akaunda mashine ya kukereza ya chuma tupu, kisu kikiwa kimefungwa imara badala ya kushikwa kwa mkono. Pembeni akaweka skrubu ndefu ya kusukuma kisu, na kati ya skrubu hiyo na chuma kinachozunguka akapanga gia.

Utamu uko kwenye gia hizo. Tuseme skrubu ndefu ina hatua ya milimita 6. Gia ya meno 20 upande wa chuma ikiendesha ya meno 40 upande wa skrubu, unapata uzi wa hatua ya milimita 3. Badilisha gia, unapata uzi mwingine. Wapo waliojaribu mambo kama haya kabla yake, lakini yeye aliyaunganisha kwenye mashine moja imara ya kazi za kila siku.

Faida nyingine: nguvu ikikatika, vyote vinasimama pamoja kwa sababu vimeshikana meno kwa meno. Mota mbili zisizounganishwa, umeme ukikatika kila moja inasimama kwa wakati wake. Ndiyo maana leo wanaotumia mota mbili hufunga kipimo kwenye ekseli ya kisu, na kompyuta ndogo inaiamuru mota ya pili ifuate. Waya na hesabu vimechukua nafasi ya gia za Maudslay.

Kazi zikamiminika. Marc Brunel alibuni mitambo ya kutengeneza kapi za meli za jeshi la majini kule Portsmouth, Maudslay akaiunda, zaidi ya mashine 40. Waliowahi kupanda jahazi wanajua kapi zinavyohitajika kwenye matanga. Kufikia 1808 watu 10 walikuwa wanafanya kazi ya watu 110, wakitoa kapi kama 130,000 kwa mwaka. Hao 100 waliobaki walikwenda wapi, hilo ni swali jingine.

Mezani kwake alikuwa na kipimo kilichosoma hadi sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Ubishi wa vipimo karakanani ulimalizwa nacho. Mikononi mwake walipita akina Richard Roberts, James Nasmyth na Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti kwa Uingereza nzima.

Mapema 1831, akirudi kutoka Ufaransa kumwona rafiki mgonjwa, alishikwa na baridi kali. Akafariki Februari 14, akiwa na miaka 59. Alizikwa Woolwich alikozaliwa, chini ya mnara wa chuma aliouchora mwenyewe.