Joe Meek, Fundi wa Sauti

Mimi huimba kwaya bila kujua noti. Ndiyo sababu nampenda Joe Meek, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1929. Hakujua noti wala kupiga ala yo yote. Alikuwa fundi wa rada jeshini, kisha akafanya studio juu ya duka la bidhaa za ngozi, London. Akachanganya rokenroli na milio ya mitambo. Waimbaji wengine aliwaweka bafuni, apate mwangwi! Tuni zake aliziimba vibaya katika utepe, wapigaji wakahangaika kuzifahamu. Hivyo ilizaliwa "Telstar" ya mwaka 1962, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Mfaransa mmoja akamshtaki kwamba ameiba tuni, fedha zikazuiwa. Mwaka 1967, mwenye madeni na akili zimechafuka, alimpiga risasi mama mwenye nyumba, akajiua. Hukumu ikaja amekwisha zikwa: hakuiba.