Pierre Mulele, ministri wa masomo aliyeingia porini

Leo tunaleta habari ya Pierre Mulele. Sisi watu wa mashariki jina hili tumelisikia kwa wazee, juu ya kile kilio cha Wasimba: Mai Mulele. Lakini wengi hatujui alikuwa mtu gani.

Alizaliwa mwaka 1929 huko Kwilu, kabila lake Wambunda. Alisoma katika shule za Wakatoliki, akawa askari wa Force Publique, kisha karani kule Léopoldville. Alikuwa mmoja wa wakubwa wa chama PSA pamoja na Antoine Gizenga. Uhuru ulipofika, mwaka 1960, Lumumba alimweka ministri wa masomo. Alikuwa na miaka 30 tu.

Serikali ile haikukaa. Lumumba aliuawa mwezi wa kwanza 1961. Mulele alikwenda Cairo kuwakilisha serikali ya Stanleyville, halafu China, ambako alifundishwa vita ya porini kwa njia ya Mao. Mwaka 1963 alirudi kwa siri, akajificha katika misitu ya Kwilu.

Tuseme kweli: malalamiko ya wanakijiji hayakuwa uongo. Wakubwa wapya waliketi katika viti vya Wazungu, na mkulima alibaki vilevile. Watu walitaka uhuru wa pili. Mulele aliwafundisha kwamba watu ni mafungu mawili tu, matajiri na maskini, na matajiri wakiondolewa kijiji kitamiliki vyote pamoja. Vijana wake aliwapa sheria nzuri: kuheshimu watu wote, kutoiba hata kitu kidogo, kutotesa mfungwa.

Mwezi wa kwanza 1964 vita ilianza. Kule Kilembe mapadri watatu waliuawa. Siku chache baadaye, kule Mangungu, mishale ilimwua Irene Ferrel, mmisionari Mprotestanti wa Marekani. Shule zilichomwa. Walimu na makarani, watoto wa nchi ile ile, waliuawa pia. Juu ya nini? Juu ya kuwa mwenye kazi ya serikali alikwisha kuhesabiwa adui. Sheria ilisema kuheshimu watu wote, lakini mafundisho yalimtoa mwalimu kati ya watu. Ukimwambia kijana mwenye upinde kwamba fungu fulani ndilo chanzo cha taabu zake zote, hatangoja kuuliza jina la mtu.

Tena undugu ule haukufika mbali. Wambunda na Wapende waliufuata, makabila mengine mengi yaliuogopa. Na mtu aliyeleta mafundisho mapya toka China aliaminiwa kuwa na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji.

Huku mashariki Wasimba walichukua Stanleyville mwezi wa nane 1964. Mulele hakuwaongoza hata siku moja, lakini walikimbilia risasi wakitaja jina lake, na hapo pia waliosoma walikufa wengi.

Jeshi la serikali lilichoma vijiji vya Kwilu, na vita ikazimwa. Mwaka 1968 Mulele alitokea Brazzaville. Serikali ya Mobutu iliahidi msamaha, na ministri Bomboko alikwenda mwenyewe kumchukua. Alivuka mto mwisho wa mwezi wa tisa. Siku chache tu, akauawa na askari, na inasimuliwa kwamba mwili wake ulitupwa mtoni. Basi kosa la Mulele haliwezi kuosha kosa la hao waliovunja ahadi.

Sisi wa darasa la sita tunapenda maneno makubwa, na kesho tutayasikia mengi. Swali la Mulele, kwa nini mkulima anabaki maskini, lingali swali jema. Jibu lake ndilo lililochoma shule, naye alikuwa ministri wa shule. Kwa hiyo, wadogo zetu, mtu akija kuwahubiri usawa, msikilizeni vizuri, halafu mumuulize: na mwalimu wetu, umemweka fungu gani?