Karani wa Benki Aliyetutia Kamera Mikononi

Muhula uliopita, katika somo la semantiki, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tukikijadili kitenzi "kupiga" na jinsi Waswahili wanavyokibebesha mizigo isiyohusiana na kichapo: kupiga pasi, kupiga deki, kupiga simu, kupiga mluzi. Akataka kujua, katika kupiga picha, kinachopigwa hasa ni kitu gani, na anayepiga ni nani. Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, maana mimi mwenyewe ni mpigapicha wa kujifurahisha. Kamera yangu ya dijitali ni ya mtumba, na Jumamosi nyingi hunikuta nikiivizia ndege katika msitu wa Karura.

Jibu la fizikia si gumu. Kinachopiga ni nuru. Hupenya kwenye lenzi ikakipiga kihisi, kibamba cha silikoni ambacho katika simu ya mkononi huwa kidogo kuliko ukucha. Juu yake mna mamilioni ya vidoa vinavyopokea nuru na kuigeuza kuwa chaji ya umeme. Chaji huhesabiwa, na hesabu hizo ndizo picha. Kabla ya kihisi, kazi hiyo ilifanywa na chumvi za madini ya fedha zilizotandazwa ndani ya jelatini. Lakini anayepiga ni nani? Hapo fizikia hunyamaza, na historia hutuelekeza kwa karani mmoja wa benki katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Jina lake George Eastman.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1854, huko Waterville. Baba yake, aliyekuwa na chuo cha biashara, alifariki mwaka 1862 na kumwachia mjane, Maria Kilbourn, watoto watatu na fedha chache. Mama alipangisha vyumba vya nyumba yake ili wapate kula. Dada mmoja, Katy, alikuwa amepooza kwa polio. Akafa mwaka 1870. George aliacha shule akiwa kijana mdogo, akawa tarishi katika ofisi ya bima kwa dola 3 kwa wiki. Usiku alijifunza uhasibu. Mwaka 1874 akaajiriwa karani katika Benki ya Akiba ya Rochester, kwa mshahara uliofika dola 15 kwa wiki. Wanafunzi wetu wanaodhani kwamba sayansi ni mali ya waliosoma sayansi na wayazingatie haya: mtu huyu hakusomea kemia popote.

Alipokuwa na umri wa miaka 20 na ushei alipanga kwenda likizo Santo Domingo, na mwenzake kazini akamshauri achukue vyombo vya picha. Akavinunua. Msomaji wa leo hana budi kuvuta fikira ili auone mzigo wenyewe: kamera yenye ukubwa wa kasha, miguu ya kuishikilia, hema la giza, mabamba ya kioo, chupa za dawa, na chombo cha maji. Bamba lilipakwa kolodioni, likachovywa katika dawa ya fedha, likapigwa picha lingali bichi, na kusafishwa papo hapo kabla halijakauka. Alimlipa mpigapicha wa mjini dola 5 amfundishe. Santo Domingo hakwenda. Akawa amenaswa na kile alichokusudia kukitumia kwa siku chache tu.

Akasoma katika majarida ya Uingereza kwamba dawa ikichanganywa na jelatini, bamba laweza kutumika likiwa kavu. Mchana alikuwa benki. Usiku alikuwa katika jiko la mama yake akichemsha na kukoroga, na mara nyingine alilala sakafuni kando ya jiko kwa uchovu. Mwaka 1879 alipata hataza mjini London kwa mashine ya kupaka mabamba. Mwaka 1880 alikodi chumba, na Januari 1881 akaungana na mfanyabiashara Henry Strong, mmoja wa waliowahi kupanga kwao. Mwaka huohuo aliondoka benki, baada ya nafasi aliyoistahili kupewa jamaa ya mkurugenzi. Mambo haya basi hayakuanzia kwetu.

Mwaka 1882 mabamba yake yakaanza kufa: yaliuzwa yakiwa mazima, yakafika kwa wateja hayaoni nuru. Eastman aliyarudisha na kuyabadilisha kwa gharama yake, ingawa hasara hiyo ilikaribia kuimaliza kampuni. Alijaribu mapishi baada ya mapishi pasipo kufaulu, mpaka alipokwenda Uingereza na kutambua kwamba kosa lilikuwa katika jelatini aliyokuwa akinunua. Kwa nini jelatini moja ione na nyingine iwe kipofu? Jibu lilipatikana zaidi ya miaka 40 baadaye, katika maabara aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1912. Mkemia Samuel Sheppard aligundua kwamba jelatini nzuri ilikuwa na chembe kidogo sana za salfa, zilizotokana na mimea ya jamii ya haradali waliyoila ng'ombe ambao ngozi na mifupa yao ilitengenezewa jelatini. Hebu walimu wa kemia walisimulie hili darasani: uwezo wa filamu kuona ulitoka malishoni.

Kutoka kioo alihamia karatasi, na mwaka 1889 plastiki angavu iliyozungushwa katika kijiti. Katikati ya hatua hizo mbili, mwaka 1888, ndipo alipotoa kisanduku kilichobadili kila kitu. Kiliuzwa dola 25 kikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Mnunuzi hakuhitaji dawa wala hema. Akishazimaliza picha alituma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Akarudishiwa picha zake, za duara, na kamera iliyojazwa filamu mpya. Tangazo lake la biashara liliieleza kazi hiyo kwa maneno machache mno: mteja abonyeze, kampuni imalizie.

Na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo fani yangu inapoingia. Kisanduku hicho kilihitaji jina. Eastman alitaka neno fupi, lisiloweza kukosewa tahajia, na lisilo na maana katika lugha yoyote duniani. Aliipenda herufi K, akaona ina nguvu. Akaiweka mwanzo na mwisho, na katikati akapanga herufi hadi akapata Kodak. Zingatia kwamba mwanaisimu Ferdinand de Saussure, aliyetufundisha kwamba kiungo kati ya neno na kitu ni cha nasibu tu, alizaliwa mwaka 1857, miaka mitatu baada ya Eastman. Nadharia iliyokuja kuandikwa vitabuni baadaye, karani huyu aliitumia kuuzia bidhaa. Konsonanti zake zote ni vipasuo. Neno lenyewe hulia kama kifyatulio cha kamera. Kiswahili kingelitaka irabu mwishoni, na sisi tungalisema kodaki.

Mwaka 1900 kampuni ilitoa Brownie, kamera ya kadibodi iliyouzwa kwa dola 1. Zaidi ya 100,000 zilinunuliwa katika mwaka wa kwanza. Watoto walizinunua. Picha, ambayo awali ilikuwa tukio la studio, watu wamekaza shingo na kuvaa za kuazima, ikaingia jikoni, uani na ufukweni. Sidhani kwamba kuna mtu mwingine aliyefanya zaidi ya Eastman kumwondolea mtaalamu ukiritimba wa kuamua ni nini kinachostahili kukumbukwa.

Hata hivyo, ukiritimba wa kuuza filamu aliupenda sana. Kasisi mmoja wa Newark, Hannibal Goodwin, aliomba hataza ya filamu ya plastiki mwaka 1887, miaka miwili kabla ya Eastman. Maombi yake yalikwama ofisini hadi mwaka 1898. Goodwin alifariki mwaka 1900, kabla hajafaidi chochote cha maana. Waliorithi hataza yake walishtaki, na mwaka 1914 kampuni ya Eastman ikalipa dola milioni 5. Vitabu vingi vya shule humtaja Eastman na kumsahau kasisi. Serikali ya Marekani nayo iliishtaki kampuni kwa kuhodhi soko, na mwaka 1921 ikalazimika kuuza baadhi ya viwanda vyake.

Fedha alizopata alizigawa kwa wingi usio wa kawaida. Alianza mapema kuwalipa wafanyakazi sehemu ya faida. Chuo cha MIT kilipokea mamilioni kutoka kwa mtu aliyejiita Bwana Smith, na mpaka mwaka 1920 umma haukujua kwamba Smith huyo ni Eastman. Alijenga shule ya muziki na kliniki za meno za watoto. Alivisaidia pia vyuo vya Waamerika weusi vya Hampton na Tuskegee. Lakini katika kiwanda chake mwenyewe mtu mweusi alikuwa nadra kuajiriwa, na hali hiyo ilidumu hadi ilipozusha mgogoro mkubwa mjini Rochester katika miaka ya 1960. Mimi sioni haja ya kuyapatanisha mambo haya mawili. Yote mawili ni yake.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 71, alifika Mombasa kwa safari ya uwindaji, akazunguka Kenya na Tanganyika pamoja na Carl Akeley, na Martin na Osa Johnson, wale waliokuwa wakipiga filamu za wanyama kutoka kambi yao mlimani Marsabit. Eastman alikuwa amewapa Johnson fedha za kuanzia kazi. Alibeba bunduki na kamera ya sinema, na porini alipenda kuoka mikate mwenyewe. Nyumbani kwake Rochester aliangika kichwa cha tembo ukutani. Aliandika kitabu kidogo juu ya safari ile. Wenyeji waliombebea mizigo nao wamo katika picha za misafara ya namna hiyo, ila nani aliyeyaandika majina yao?

Hakuoa. Mama yake aliaga dunia mwaka 1907. Katika miaka ya mwisho ugonjwa wa uti wa mgongo ulimtesa hata kutembea kukawa adhabu, na tarehe 14 Machi 1932 alijiua kwa bastola, akiwa na umri wa miaka 77, akaacha barua fupi kwa marafiki.

Mwaka 1975, katika kampuni hiyohiyo, mhandisi kijana Steven Sasson aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, kihisi cha vidoa 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwenzake Bryce Bayer alipata mwaka 1976 hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi, kijani maradufu ya nyekundu na buluu, ambao mpaka leo umo katika kamera nyingi, yangu na yako. Kampuni iliendelea kutegemea filamu. Januari 2012 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Sasa niseme kwa nini nimemwandikia Eastman makala badala ya kumjibu tu mwanafunzi wangu. Mwaka 1994, tulipomaliza darasa la nane, baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu katika shule hiyo, alimwita mpigapicha wa sokoni atupige picha ya kuagana. Picha ilipokuja, mashati yetu meupe yaling'aa, ukuta wa chokaa ulionekana hadi nyufa zake, na mgeni Mzungu aliyeketi katikati alitoka vizuri hata mikunjo ya paji la uso. Sisi tulikuwa mashati yasiyo na vichwa. Baba alikasirika, akamkata mpigapicha nusu ya malipo. Yule bwana hakubishana. Alitupa bahasha ya negativu mezani akaenda zake.

Baadaye sana, katika kusoma habari za upigaji picha, ndipo nilipojua kwamba kwa miongo kadhaa filamu na mashine za kusafishia picha za rangi zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe. Ngozi iliyotoka sawa ilikuwa ya namna hiyo. Marekebisho ya filamu yalikuja polepole, na husemekana kwamba waliosikilizwa kwanza ni wauzaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani. Eastman alikuwa amekwisha kufa; simtwiki mzigo wa walioishi baada yake. Wala sisemi kwamba mpigapicha wetu alikuwa fundi asiye na kosa, kwani jua lilikuwa kali na ukuta ulikuwa mweupe. Lakini nusu ile ya malipo tuliikata kwa mtu mmoja, na kosa lilikuwa la wengi waliokuwa mbali sana na soko letu.

Nilijaribu kumtafuta nilipokwenda nyumbani Desemba. Kibanda chake sasa ni duka la simu. Bahasha ya negativu niliikuta katika sanduku la vitabu vya marehemu baba, na nikaipiga picha kwa kamera yangu dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha nikafungua vivuli kidogo kidogo kwenye kompyuta. Kivulini kulikuwa na zaidi ya tulivyooneshwa mwaka ule. Yakatokea macho kwanza, halafu meno. Tulikuwa 43. Nimewatambua 41.