B. F. Skinner, mwanasaikolojia aliyeeleza nguvu ya mashine za kamari

Kuanzia Nzahaha hadi Kamembe, wilayani Rusizi, jina ikiryabarezi si geni. Ndiyo mashine ya kamari inayomeza sarafu za faranga 100, na mara chache huzitapika. Kwa nini mtu aliyekwisha kupoteza nauli yake huendelea kucheza? Jibu lilipatikana mbali na Rwanda, katika maabara ya Mmarekani aliyekuwa akichunguza panya.

Burrhus Frederic Skinner alizaliwa tarehe 20 Machi 1904 katika mji mdogo wa Susquehanna, Pennsylvania, akiwa mtoto wa mwanasheria. Alitamani kuwa mwandishi wa hadithi, akajaribu, akashindwa. Ndipo alipogeukia saikolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1931.

Huko alibuni kisanduku ambamo panya mwenye njaa, akibonyeza kijiti, hudondoshewa punje ya chakula. Punje hizo Skinner alizitengeneza mwenyewe. Jumamosi moja aliona kwamba zingekwisha Jumatatu asubuhi. Badala ya kushinda akitengeneza nyingine, aliamua kuwapa panya chakula mara moja tu kwa dakika, hata wakibonyeza mara nyingi. Panya hawakuacha kubonyeza.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha jambo zito zaidi. Mnyama anayelipwa kila mara huacha upesi chakula kikikatizwa, lakini aliyezoea kulipwa mara moja moja huendelea kwa muda mrefu. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha mwaka 1957 matokeo ya majaribio mengi, hasa ya njiwa. Ndege asiyeweza kujua ni dono la ngapi litakalomletea chakula alidonoa kwa kasi kubwa, karibu bila kupumzika.

Mashine za kamari zilikuwapo kabla ya Skinner. Charles Fey, fundi wa San Francisco, aliunda yake ya magurudumu matatu mwishoni mwa karne ya 19. Lakini Skinner ndiye aliyeeleza kwamba malipo yasiyotabirika ndiyo yanayomshika mchezaji. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 aliongeza kwamba hata kukaribia kushinda, picha mbili zikilingana na ya tatu ikikosea, humchochea mtu kurudia, ilhali mwenye mashine hatoi hata senti.

Wapo waliomlaumu kwa kumlinganisha binadamu na mnyama, hasa baada ya kitabu chake cha mwaka 1971 kilichotilia shaka uhuru wa binadamu. Hata hivyo, fikra yake ilimwondolea mcheza kamari sehemu ya aibu: tatizo halimo katika udhaifu wa moyo peke yake, bali pia katika mpango wa malipo uliowekwa mbele yake.

Skinner alifariki tarehe 18 Agosti 1990 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 86. Rwanda ilitunga sheria ya michezo ya kubahatisha mwaka 2011. Lakini sheria haibadilishi hesabu ya mashine: sarafu zilizokwisha kuliwa hazisogezi ushindi karibu, na kila mchezo huanza upya kana kwamba hakuna kilichotangulia.