Ibnu Nafis, Tabibu Aliyepima Maneno ya Wakubwa

Wako ndugu zetu wadhanio kwamba kumheshimu mwanachuoni ni kukubali kila alilolinena. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyewaheshimu waliomtangulia, wala asiache kuyapima maneno yao. Naye ni Alauddin Ali bin Abil-Hazm, ajulikanaye kwa jina la Ibnu Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya 13 ya Miladi, akasoma utabibu mjini Dameski kwa Muhadhabuddin Dakhwar. Kisha akahamia Misri, akawa mkuu wa matabibu mjini Cairo. Wala utabibu haukumtenga na dini, kwani alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, madhehebu tuyafuatayo sisi watu wa pwani, akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriya.

Zama zile neno la Jalinusi, tabibu wa Kiyunani, lilikuwa limetawala kwa muda wa miaka kama 1,000. Yeye alisema kuwa damu hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo hata cha kushoto kwa vitundu vilivyomo katika ukuta ulio baina yake. Ibnu Nafis, angali kijana, alipokuwa akisherehesha kitabu cha Ibnu Sina kufikia mwaka 1242, aliikataa kauli hiyo. Alieleza kuwa ukuta ule ni mnene, hauna vitundu vya dhahiri wala vya siri. Damu hutoka chumba cha kulia ikaenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa huko mapafuni lazima pawe na njia nyembamba ziunganishazo mishipa iendayo na irudiyo. Yeye mwenyewe hakuziona. Zilionekana mwaka 1661, Malpighi wa Italia alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini.

Lakini yaliyofuata yanahuzunisha. Huko Ulaya Servetus alitangaza jambo hilo mwaka 1553, na Colombo mwaka 1559, kisha Harvey mwaka 1628 akabainisha mzunguko wa damu wa mwili mzima. Sisi tuliokuwa na kitabu tulikiacha kikiliwa na vumbi. Ugunduzi huu wa Ibnu Nafis haukupata kujulikana tena ulimwenguni mpaka mwaka 1924, alipotokea tabibu kijana wa Kimisri, Muhyiddin Tatawi, akausoma muswada wake uliokuwa Berlin.

Ibnu Nafis alifariki Cairo mwaka 1288. Katika maradhi yake matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo uwe dawa. Akakataa, asitake kukutana na Mola wake hali ina kitu hicho tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun.

Twajifakhiri kwa mtu huyu, na fakhari hiyo yatuhukumu. Yeye hakukosa adabu kwa kumsahihisha Jalinusi. Waliokosa ni walioirithi ilimu yake wasiifungue. Basi mtoto akiuliza chuoni kwa nini jambo liko hivi, tusimkemee. Tumjibu, na kama hatujui, tutafute pamoja naye.