Imamu Jabir bin Zaid na Sahibu Zake

Wengi katika sisi tunamjua Imamu Jabir bin Zaid (Mwenyezi Mungu amrehemu) kwa elimu yake, kuwa ndiye asili ya madhehebu yetu. Wachache wanaomjua kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa watu, na watu waliyokuwa nayo kwake.

Alizaliwa Firq, kijiji kilicho karibu na Nizwa, mwaka 18 Hijria. Wengine wanasema 21. Jamaa zetu wa Muscat wanaokwenda Nizwa siku ya Ijumaa kwa mnada wa mbuzi huwa hatua chache tu na kijiji hicho, na pengine hawajui. Kabila lake ni Azd, na kuniya yake ni Abu Sha'thaa, kwa jina la binti yake. Akahamia Basra kutafuta elimu, akasafiri mara nyingi kwenda Hijazi, akasoma kwa Ibn Abbas, kwa Bibi Aisha na kwa Anas bin Malik (r.a.). Ibn Abbas alimsifu mbele ya watu, na akiwashangaa watu wa Basra wanaomjia kuuliza masuala hali ya kuwa Jabir wanaye kwao.

Alikuwa mtu asiyependa kumdhulumu mtu hata kwa kitu kidogo. Usiku mmoja alichomoa utete katika ukuta wa watu ili afukuze mbwa njiani. Asubuhi akaurudisha pale pale alipoutoa, kwa kuwa aliona kila mpita njia akichukua mmoja, ukuta hautabaki. Katika nauli ya kwenda Makka, katika mtumwa anayenunuliwa ili aachwe huru, na katika mnyama wa kuchinja Idi, hakuwa akivutana bei na mtu. Na alikuwa akiona kumpa dirhamu moja yatima au maskini ni bora kwake kuliko hija ya pili baada ya ile ya faradhi. Nilipokuwa nikihukumu niliwaona ndugu wa tumbo moja hawataki kuketi benchi moja kwa ajili ya mnazi mmoja wa urithi, na kila mara utete ule ulinijia akilini.

Katika sahibu zake alikuwapo Abu Bilal Mirdas bin Hudair. Huyu alikuwa akikaa na Jabir mpaka baada ya sala ya Isha, kisha akaenda zake. Na kabla ya sala ya Alfajiri yuko tena mlangoni. Jabir akimhurumia kwa kujitaabisha, naye akimjibu kuwa ni shauku tu ya kumwona. Hawakuwa na biashara baina yao wala deni. Imekuja katika hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) kuwa watu wawili waliopendana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ni katika wale watakaokuwa kivulini Siku ya Kiyama, na hii ndiyo maana ya al-walaya tunayoifundisha: mja humpenda muumini mwenziwe kwa kuwa Mola anampenda, basi pendo lile asili yake si la mja. Abu Bilal aliuawa mwaka 61 Hijria pamoja na wenziwe, na Jabir akaishi baada yake zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 93 Hijria (sawa na 711 Miladia) maradhi yalimzidi Jabir. Iraki wakati huo ilikuwa mkononi mwa Al-Hajjaj bin Yusuf, na wanazuoni walikuwa wakimwogopa. Waliokuwa kitandani pake walimuuliza anatamani nini. Mgonjwa katika hali ile huomba maji, au wanawe. Yeye alitamani jambo moja tu: kumwona Al-Hasan Al-Basri.

Al-Hasan hakuwa katika wafuasi wa Jabir, na wanazuoni wawili wa mji mmoja hawakosi kuhitalifiana. Tena alikuwa amejificha kwa khofu ya Al-Hajjaj, na kutoka nje ni kuitia shingo yake hatarini. Thabit Al-Bunani akaenda kumpa habari, na Al-Hasan akatoka usiku ule ule, akapanda nyumbu akaja. Mgonjwa akainuliwa, wakaonana. Al-Hasan akamkumbusha shahada, akakaa naye.

Usiku ukawa unakwisha na Jabir bado yu hai. Wapokezi wanasimulia kuwa Al-Hasan alipokhofu kupambaukiwa, alisimama akamtolea takbira nne, kama anavyosaliwa maiti, kwa kuwa alijua hataweza kuja mazikoni. Akamwombea dua, akatoka gizani. Wako wanaoshughulika na hukumu ya sala ile, ikiwa yafaa au haifai. Mimi nimekaa miaka mingi katika hukumu, na hili sijapata hamu ya kulihukumu.

Jabir akafariki, na Anas bin Malik naye akafariki karibu na siku hizo. Alipokwisha kuzikwa alikuja Qatada, mwanazuoni wa Basra aliyekuwa kipofu, akaomba ashikwe mkono asogezwe mpaka penye kaburi; akasimama pale akashuhudia kuwa siku ile amekufa mwanachuoni wa Waarabu.